Nilivyofunga Maziwa kwa Kanga

Wanaoitikia asalamu aleikumu, wanaoitikia Bwana asifiwe, na ninyi bibi zangu mnaotaka kusikia mwakeye ya Kiha tu kisha mwendelee kusuka mikeka yenu: nawasalimu wote, na asanteni kwa kunipa nafasi. Mama mwenyekiti wa kikundi chenu ameniambia nisiseme sana kwa sababu mvua inakuja. Mimi ni mtu wa sokoni, mama mwenyekiti. Ukiniambia nisiseme sana, mimi nasikia umetaja bei ya kuanzia.

Wengi wenu hapa Kibondo mnanijua kwa meza yangu ya mitumba siku za soko. Mnanijua kama yule mama wa Kasulu asiyepunguza. Kuna mmoja amekaa pale nyuma, anacheka, alinishika bei ya sweta ya mtoto mpaka nikasahau kama nilikuwa nauza au nanunua. Leo sikuja kuuza. Nimeombwa niseme nilivyoanguka na nilivyoinuka, nikakubali kwa sharti moja, kwamba sitataja jina la mtu wala la duka. Anayelijua duka ataelewa. Asiyelijua hajapungukiwa kitu.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi kuhesabu ndiyo dini yangu ya pili. Chenji nahesabu mara mbili. Nguo za robota nahesabu mara mbili. Binti yangu alipozaliwa nilihesabu vidole vyake, nikarudia tena, mpaka nesi akacheka, akasema, "Mama, havipungui." Lakini siku niliyoajiriwa sikuhesabu hata mara moja.

Wakati ule nilikuwa natandika nguo zangu chini, kwenye turubai, pale sokoni Kasulu. Mume wangu alikuwa ameenda machimboni upande wa Geita, na mnajua dhahabu ilivyo, inachelewa kuliko basi. Nikajifungua. Mtaji ukaliwa na uzazi, nikabaki na turubai tupu na mtoto mgongoni. Ndipo likafunguliwa duka kubwa la nguo kando ya lami, la kampuni yenye matawi mikoani. Vioo mpaka chini, taa mchana kweupe, na midoli ya kuvalisha nguo isiyo na vichwa. Mama yangu alipoiona mara ya kwanza alisimama barabarani akauliza, "Hawa waliwafanya nini?"

Meneja wa duka lile alikuwa dada mmoja, mdogo kwangu kwa umri, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Alinikuta sokoni nikibishana na mteja, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, wewe una mdomo. Sisi tunautaka huo mdomo." Akanitajia mshahara. Ulikuwa mdogo. Mimi, ambaye mtu akinitajia bei ya kwanza huwa nacheka kabla sijajibu, nikasema, "Asante."

Asante! Sikuuliza nitakaa wapi. Sikuuliza mtoto atanyonya saa ngapi. Sikuuliza mkataba, na wao hawakuutaja. Niliona paa, niliona taa, niliona mwisho wa mwezi wenye uhakika. Mtu aliyekaa juani siku nyingi akionyeshwa kivuli haulizi ni cha nini.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe. Kwanza, ule mdomo walioutaka hawakuutumia. Bei pale ilikuwa moja, imeandikwa, haishuki. Ruhusa yangu ilikuwa kusema "Karibu mpendwa" na "Umependeza mpendwa", hata kama mtu amevaa nguo inayomkaba kama mbuzi wa mnadani. Pili, kulikuwa na utaratibu waliouita kuvaa mzigo. Asubuhi ukifika unavua nguo zako stoo, simu yako inaingia kwenye boksi, unavalishwa gauni jipya kutoka kwenye henga, lebo ya bei inafichwa kwapani, unatoka mbele. Mteja akikuona anasema, "Nataka kama hilo la dada." Jioni unalivua, linapigwa pasi, linarudi kwenye henga, na kesho linauzwa kama halijawahi kuonja jasho la mtu.

Kwa hiyo hukai, maana litakunjamana. Huli, maana litadondokewa. Huegemei ukuta. Likipata doa limekuwa lako, umelinunua bila kupatana. Kiti kilikuwa kimoja duka zima, na juu yake waliweka spika ya muziki. Sikatai, spika nayo huchoka.

Na mwenye duka? Sikuwahi kumwona. Alikuwa jiji la mbali, lakini pia alikuwa darini. Hizi kamera za siku hizi zinaona na zinasema. Uko pale unakunja suruali, ghafla dari inaita, "Wewe gauni la njano, unaongea nini na mwenzako?" Majina yetu hakuyajua. Leo nilikuwa Gauni la Njano, kesho Blauzi ya Maua, keshokutwa Sketi Ndefu. Kwa wiki moja nilikuwa na majina mengi kuliko mtu anayekimbia madeni. Bibi mmoja kutoka Buhigwe, mteja, alikuwa amevaa gauni lake la njano la kanisani. Dari ilipoita akaitikia, "Abee!" Akatazama juu, akajishika kifua, akatoka na hajarudi mpaka leo.

Tulicheka siku za mwanzo. Tulicheka kwa macho tu, maana mdomo ulikuwa unaonekana.

Cheko liliishia kwenye maziwa.

Mama yangu alikuwa ametoka hukuhuku Kibondo, kijijini, akaja Kasulu kunilelea mtoto. Nilikuwa natoka nyumbani ukungu bado uko kwenye migomba, narudi watu wanafunga maduka. Mchana hakuna kutoka. Niliomba mara moja tu, meneja akanijibu kwa ile sauti yake, "Dada, mimi ningekuruhusu. Lakini ataona." Akatazama juu. Basi mwili wangu haukujua mambo ya dari. Saa ya mtoto kunyonya ikifika, kifua kinajaa, na mtoto yeyote akilia barabarani, hata wa mtu mwingine, maziwa yanashuka. Kina mama mnajua. Nilikuwa naweka pamba, naweka kitambaa juu ya pamba, naomba Mungu.

Siku moja pamba ilizidiwa. Nilikuwa nimevalishwa gauni la kijani la kitambaa chepesi, na nilikuwa namwonyesha mteja saizi. Dari ikasema, mbele ya watu, "Wewe gauni la kijani, kifuani una nini?" Wateja wote wakageuka kuniangalia kifua. Ndugu zangu, nimetukanwa sokoni na watu wenye kipaji cha kutukana. Sijawahi kuona aibu kama ile ya kuulizwa swali lile.

Meneja akanivuta stoo. Nilidhani ananifukuza. Hapana. Alitoa kanga kwenye mkoba wake, akaichana katikati, akasema, "Inua mikono." Akanizungushia kifuani, akakaza, akaweka goti mgongoni kwangu kama mtu anayefunga gunia la maharage, akakaza tena. Nikasema, "Dada, sipumui." Akasema, "Utazoea. Mimi mwenyewe nilifunga hivi hivi, wangu alipokuwa mdogo. Siku chache yanatulia."

"Na mtoto?"

"Alizoea chupa. Watoto wanazoea."

Alisema kwa huruma. Naomba mlisikie hilo vizuri, kwa sababu kama angesema kwa ukali labda ningekataa. Kwa ukali mimi nina majibu. Kwa huruma sikuwa nayo.

Nikafunga. Kila asubuhi nafunga. Kifua kikawa mawe, kikawaka moto, homa ikanishika nikiwa nimesimama nasema "Umependeza mpendwa." Kisha siku moja mawe yakalainika. Gauni likabaki kavu kutwa nzima. Na mimi, sitaki kuwaficha, nilifurahi. Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyeuza robota zima.

Usiku ule mtoto akashika titi, akanyonya, akaacha. Akanitazama. Akashika tena, akaacha, akalia. Mama yangu alikuwa anapepeta maharage, akasimama. Akasema, "Mwanangu, huyu anakunyonya kama mtu anayetafuta ufunguo gizani."

Nikamwambia, "Amezoea kikombe, mama."

Akarudi kwenye ungo wake, akapepeta kwa nguvu. Mama yangu akipepeta hivyo, ujue hajakubali.

Akawa anampa maziwa ya ng'ombe aliyoyachanganya na maji ili yafike, na uji mwepesi, na tumbo la mtoto likakataa vyote. Mtoto akaanza kuharisha. Mapaja yake yakalegea, yakafanya mikunjo kama soksi za mtu mkubwa. Mama akasema, "Acha ile kazi." Nikasema, "Mwisho wa mwezi." Akasema, "Mtoto huyu haujui mwezi wenu." Nikasema tu, "Mama, mwisho wa mwezi." Nilikuwa nabishana na mama yangu kwa bidii ambayo sikuitumia kwa meneja hata kidogo. Nyumbani nilipata mdomo. Kazini nilikuwa nimeukabidhi pamoja na simu.

Ukafika msimu wa harusi, maharage yameuzwa, watu wana hela. Siku hiyo nilivalishwa gauni la sendofu, la bibi harusi kuagwa nalo kwao, jekundu, lenye shanga mpaka mikononi, nguo ghali kuliko zote dukani. Jina langu siku hiyo lilikuwa Sendofu. Duka limejaa. Nikageuka kuelekea kioo cha mbele nikamwona mama yangu amesimama nje, katikati ya ile midoli isiyo na vichwa, mtoto mgongoni, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini. Kwa jinsi mwanga ulivyompiga ningedhani na yeye wamemweka pale kwa maonyesho.

Nikaenda mlangoni. Nikamwambia, "Mama, utanifukuzisha. Analia?"

Akasema, "Hapana, mwanangu. Nimekuja kwa sababu ameacha kulia."

Sikumbuki nilimchukuaje. Nakumbuka nimekaa. Nilikaa kwenye lile jukwaa dogo la dirishani, chini ya midoli, na shanga zikatawanyika sakafuni, nazisikia. Zipu ya gauni ilikuwa mgongoni, siifikii. Mwenzangu mmoja wa kazi, msichana mdogo ambaye siku zote alikuwa mwoga kuliko sisi wote, akaja nyuma yangu bila neno akaivuta mpaka chini. Nikafungua ile kanga, mzunguko baada ya mzunguko, mbele ya kioo, barabara nzima inatazama. Nikamweka mtoto kwenye titi. Akanyonya kidogo. Akangoja. Akanyonya tena. Akaachia, akanitazama, wala hakulia.

Dari ikaita, "Wewe Sendofu! Simama. Hapo si pa kukaa."

Sikusimama.

"Meneja! Meneja, unaliona hilo gauni?"

Meneja alikuwa kaunta, mkono mdomoni. Sasa, kulikuwa na mteja, mama mmoja Mwislamu wa Manyovu, mfanyabiashara anayevusha nguo kwenda Burundi, mwili mkubwa, baibui, simu mbili. Akauliza kwa sauti, "Nani anaongea?"

Mwenzangu akasema, "Bosi, mama."

"Yuko wapi?"

Mwenzangu akanyoosha kidole juu.

Yule mama akainua uso, akaitazama dari vizuri kama mtu anayekagua bati linalovuja. "Wewe uliye huko juu," akasema, "mimi ni mteja. Shuka tuonane. Huku chini kuna mtoto mgonjwa."

Dari ikalegeza sauti. "Samahani mama, huo ni utaratibu wa kampuni."

"Basi na utaratibu ushuke. Njooni wote wawili."

Dari ikasema, taratibu, "Meneja, hilo gauni aandikiwe."

Mwenzangu akanifunga zipu nusu, nikainuka na mtoto. Nilipofika mlangoni nikasikia kitu kinaburutwa. Meneja alikuwa ameishusha ile spika ya muziki, ameiweka chini, anakuja na kiti, amekikumbatia, analia. Kiti kilifika, ndugu zangu. Lakini mimi nilikuwa natoka.

Yule mama wa Manyovu akatupakia kwenye bajaji aliyoikodi yeye, akaacha mizigo yake dukani, akaenda nasi hospitali. Njiani alikuwa anamwambia dereva, "Usikwepe mashimo kwa ustaarabu, kwepa kwa haraka."

Wodini nesi akaniuliza, "Unamnyonyesha?" Nikasema ndiyo. Akanibinya titi kwa vidole viwili, akangoja, hakuona kitu. Akaona kifua changu, alama za kanga zimezunguka kama kamba kwenye shina la mti. Akaniuliza nani kanifunga hivi. Nikasema, "Nilifunga mwenyewe." Titi la kushoto lilikuwa na jipu ndani, wakalipasua siku ileile. Mtoto wakamtafuta mshipa mkononi, wakaukosa, wakaupata kichwani. Nilikaa pale na gauni la sendofu mpaka mama alipoleta kanga na dera, na kila aliyeingia wodini alinipa pole akidhani nimetoka kwenye sherehe.

Kitanda cha jirani kulikuwa na mwenzetu na mtoto wa kiume. Wa kwake hakupona. Asubuhi alikunja vitu vyake polepole, vyote vikaingia kwenye ndoo moja. Akaniachia chupa yake ya chai, bado ya moto. "Itakufaa," akasema. Popote alipo, Mungu ampe anachotaka.

Yule nesi alikuwa amefanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtendeli kabla haijafungwa, kwenye wodi ya watoto waliokonda. Mtoto alipopata nguvu kidogo ya kunyonya, akaja na kikombe cha maziwa ya dawa na mpira mwembamba kama uzi wa kiatu. Ncha moja akaitumbukiza kikombeni, ncha nyingine akaibandika kwa plasta kwenye chuchu yangu ya kulia. Akasema, "Mtoto akivuta, atapata ya kikombe. Atajua yanatoka kwako. Akijua yanatoka kwako, atavuta tena. Akivuta tena, mwili wako utasikia. Wewe kazi yako ni kukaa tu."

Nikamuuliza, "Yatarudi?"

Akasema, "Siwezi kukuahidi. Kaa."

Basi nikakaa. Ile kazi ya kukaa ilikuwa ngumu kuliko ya kusimama. Mama yangu anashika kikombe, mimi nashika mtoto, mchana na usiku, titi linauma, hakuna kinachotoka ila cha kikombe. Mimi nahesabu. Kikombe kimeshuka hadi hapa, kimeshuka hadi pale. Kila kikishuka najua kwamba yeye anaishi, na najua kwamba mimi simpi kitu. Kuna wakati nilimwambia mama, "Toa huu mpira, mpe kikombe tu, nimechoka kumdanganya." Mama akasema, "Mtoto hadanganyiki bure. Nyamaza, shika vizuri."

Siku nyingine, mchana, mvua inapiga bati, mama akasema, "Mpira umeziba."

Nikatazama. Kikombe kilikuwa palepale. Akautikisa, akautoa, akaurudisha. Palepale.

"Lakini mbona anameza?" mama akauliza. "Anameza nini?"

Nikaangalia koo la mtoto. Linapanda, linashuka. Nikaangalia kikombe. Nikaangalia koo tena. Mnanijua, mimi hupenda kitu kipungue nikiwa nanunua. Sijawahi kufurahia kitu kisichopungua kama kile kikombe. Tukamwita nesi. Akaja, akabandua plasta, akautoa mpira kabisa. Mtoto akaendelea. Tone jeupe likamtoka pembeni ya mdomo likateremka shingoni. Mama akaweka kikombe chini akajifunika uso kwa kanga, nikamsikia ndani ya kanga anasema kwa Kiha, "Mawe! Mawe!" kama mtoto anayemwita mama yake. Mimi nikajaribu kuhesabu anavyomeza. Nikaanza, nikapotea. Nikaanza tena, nikapotea.

Yalirudi kwenye titi moja tu. La kushoto lilibaki na kovu, na halikutoa kitu tena. Binti yangu amekulia upande mmoja. Sasa anatembea na anatukana kwa Kiha kuliko bibi yake, lakini ni mdogo. Ukimsimamisha na wa rika lake watu wananiuliza kama ni wa juzi. Naitikia tu. Kuna kitu alipunguziwa ambacho sijui kama kitaongezwa, na kwenye hilo sina mtu wa kwenda kupatana naye.

Mwisho wa mwezi ule nilijipeleka dukani. Mshahara ulikuwa umeliwa na gauni, wakanipa gauni, limefungwa kwenye mfuko wa kampuni wenye utepe. Naomba msiniulize nililiuza bei gani.

Sasa shukrani. Namshukuru mama yangu, ambaye angeweza kusema "nilikuambia" na hajasema mpaka leo, na hilo linaniuma kuliko angesema. Namshukuru yule nesi. Namshukuru yule mama wa Manyovu, ambaye aliporudi kuchukua mizigo yake alikuta wameshaiuza, akaja wodini kucheka, akasema hasara ile amefurahi nayo. Namshukuru yule msichana wa zipu, bado yuko pale, bado anaogopa, na kila nikipita nje ya kioo ananipungia kwa kidole kimoja ili dari isione. Nakishukuru kikundi chetu cha kukopeshana cha Kasulu, ndugu wa hiki chenu, kilichonikopesha robota la kwanza nikiwa sina dhamana zaidi ya mdomo.

Na yule meneja. Walimfukuza kwa sababu ya kile kiti. Alikuja mezani kwangu asubuhi moja akitafuta sweta ya mtoto wake. Nikampunguzia bila kuombwa, na mnajua ukubwa wa hilo. Akaishika ile sweta muda mrefu. Akasema, "Dada, nilikuambia wangu alizoea chupa." Kisha akasema, "Sijui kama alizoea. Sikuwepo kuona."

Tulikaa wote kwenye benchi langu mpaka jua likahama.

Funzo langu ni dogo. Nesi ndiye aliyeniambia nikiwa nimeshachelewa: sheria ya kazi ya nchi hii inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kwenda kumnyonyesha mtoto wake. Si fadhila ya meneja. Mimi sikuzijua, na mtu hawezi kudai asichojua kama kipo. Sisi tunajua kubana bei ya nyanya mpaka muuzaji anaapa kwa wazazi wake. Tukifika kwenye ajira tunakubali bei ya kwanza na tunapiga magoti kushukuru. Ulizeni mtakaa wapi. Ulizeni mtatoka saa ngapi. Wakikasirika kwa swali, hilo nalo ni jibu, limekuja bure.

Nimalizie. Nimesikia asubuhi hii kwamba kampuni ile inafungua tawi hapa Kibondo, na kuna dada mmoja humu ndani ameitwa aanze Jumatatu. Sitakutaja, mdogo wangu, usiiname. Una mtoto mchanga na huna mtaji, najua hesabu yako, niliipiga na nikapata jibu hilohilo. Sikuambii usiende. Nakuambia usiende peke yako. Leo nalala kwa shangazi yangu hapa mjini na Jumatatu nipo. Nitakuja kukuchukua, tutaenda wote, wewe utakaa kimya na mimi nitaongea. Tutaanza na kiti, tutakuja kwenye zile saa mbili, na mshahara tutaufikia mwisho.

Na mtoto njoo naye. Nataka wamwone kabla hawajataja bei.